Ijumaa za Kusimama

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri. Nimeweka kopo la jemu juu ya ukuta mfupi nje ya dirisha langu, kama nilivyofanya kila masika tangu nistaafu. Shuleni nilikuwa na kipimamvua cha shaba na rula yake. Siku hizi macho hayasomi mistari, kwa hiyo natumbukiza kidole. Leo maji yamefika ukingo wa kucha.

Daktari anasema moyo wangu umechoka. Alilisema taratibu, kama anayemwamsha mtu kutoka kiti alichokizoea. Binti yangu, ambaye naishi kwake, akamwuliza tufanye nini sasa.

"Mpeni anachopenda," daktari akasema.

Binti akanigeukia. "Haya Baba, sema. Unapenda nini?"

Nikasema napenda madirisha yafungwe jioni. Wakacheka wote wawili. Binti amezoea. Kila jioni namwuliza kama madirisha yamefungwa, na kila jioni hunijibu kwamba yamefungwa tangu jana na hayajawahi kufunguliwa.

Nina jambo la kusema kabla sijaondoka. Mkono bado unanitii, basi naanzia hapa.

Alhamisi, 7 Machi

Kopo kavu. Madirisha yamefungwa.

Jumapili, 10 Machi

Wakili alikuja baada ya ibada. Nilimfundisha jiografia katika shule ya kanisa iliyokuwa kilimani, akiwa msichana mwenye miguu mirefu na maswali marefu zaidi. Sasa ana mvi, na mlango wa ofisi yake una kibao cha jina.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa."

"Na wewe umekonda, kwa hiyo jumla ni ileile."

Waliosoma pale wamepanga kukutana Ijumaa moja katikati ya Mei, mvua zikiisha, katika ukumbi wetu wa zamani. Majengo kanisa liliyauza Shule ilipofungwa. Bweni la wasichana limekuwa ofisi, na ukumbi ni ghala la magodoro. Mwenye ghala amekubali kuyasogeza. Wakili amechaguliwa kuandika historia ya Shule, isomwe siku hiyo.

"Watawa wote wametangulia," akaniambia. "Walimu pia. Umebaki wewe tu."

"Basi uliza upesi."

Nikamweleza Shule ilivyoanza ndani ya stoo ya kanisa, madawati yakiwa mbao zilizowekwa juu ya matofali, na jinsi wanafunzi wa mwanzo walivyofyatua wenyewe matofali ya madarasa, ndiyo maana ukuta wa mashariki umepinda hadi leo. Nikamweleza Mama Mkuu, mtawa aliyekuwa mkuu wa Shule, aliyekataa kabisa fimbo. Badala ya fimbo alituwekea Ijumaa.

Hilo Wakili alilijua, ila alitaka nilisimulie. Ijumaa baada ya masomo wote tulikaa ukumbini, walimu na wanafunzi. Mwenye kosa alisimama bila kuitwa na kulisema kwa sentensi moja. "Kwa sababu" haikuruhusiwa, wala "lakini". Akimaliza, ukumbi mzima ulijibu, "Tumesikia." Akakaa. Hakuadhibiwa, na kosa lile halikutajwa tena na mtu yeyote. Aliyelitaja ndiye aliyesimama Ijumaa iliyofuata. Nilimwona Mama Mkuu mwenyewe akisimama: "Jana nilimwita mpishi mvivu." Tumesikia.

"Na desturi hiyo ilikufaje?" Wakili akauliza, simu yake ikirekodi mezani.

Nikasema mambo hubadilika. Nikaomba maji ya kunywa.

Ijumaa, 15 Machi

Pingili moja ya kidole. Upepo wa magharibi.

Jumatatu, 18 Machi

Suruali imeniporomoka mbele ya muuguzi anayekuja kunipima. Akasema katika kazi yake ameona makubwa zaidi. Nikamjibu kwamba hilo silo neno la kumfariji mzee. Binti anataka kuipeleka suruali ikapunguzwe.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua tangu asubuhi, imeanguka wimawima. Kopo limejaa, sikuwa na haja ya kidole.

Wakili amerudi, akatikisa mwavuli wake barazani. Safari hii hakuuliza, alikuja na jibu.

"Nimeshajua nitaandika nini kuhusu Ijumaa. Desturi ile iliuawa na mtu mmoja, Mwalimu. Kiranja wa maktaba."

Nikasogeza kikombe changu.

"Unamkumbuka? Tulikuwa chanda na pete. Alituapia kwamba madirisha aliyafunga. Halafu Ijumaa ya tatu anasimama, eti ni yeye aliyeacha dirisha wazi. Majuma yote yale alinitazama usoni akinidanganya! Sasa ni fundi cherehani, duka lake na ofisi yangu mtaa mmoja. Nikimwona navuka barabara."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo. Na yeye pia anavuka. Siku moja tulivuka wote wawili kwa pamoja, tukakutana katikati."

Alicheka kidogo. Nilipaswa kusema pale pale. Nikasema chai inapoa.

Ameondoka. Sasa niandike.

Mwaka ule mchwa waliingia kwenye rafu za maktaba. Mama Mkuu aliamua vitabu vyote vishushwe sakafuni, vipuliziwe dawa na kuachwa vipate hewa siku mbili. Lakini yalikuwa masika, kwa hiyo aliniuliza mbele ya walimu wote, "Mwalimu Mvua, itanyesha?" Hilo lilikuwa jina langu, kwa ajili ya kile kipimamvua. Nikajibu kwamba haitanyesha kabla ya Jumatatu. Nilijibu kama mtu aliyetoka mkutanoni na mawingu.

Jumamosi jioni nikaona weusi upande wa magharibi. Maktaba ilikuwa ghorofani, na dirisha lake kubwa ndilo pekee lililoonyesha mbingu yote ya upande ule. Nikachukua ufunguo wa akiba ofisini kwa Mama Mkuu, nikapanda, nikafungua dirisha, nikaegemea pale nikisoma upepo. Nikaridhika kwamba mawingu yanakwenda zao. Harufu ya dawa ilikuwa kali, nikaona si vibaya vitabu vipate hewa zaidi. Nikaliacha dirisha wazi, nikafunga mlango, nikarudisha ufunguo.

Jumapili tukiwa ibadani mvua ikaja imelala, ikiingia moja kwa moja dirishani. Tuliisikia tukiimba. Mimi niliimba kwa nguvu zaidi.

Vitabu vilivimba kama mkate uliolowa. Ramani zangu, kamusi, hadithi zote ambazo wasichana walizisoma hadi zikakosa majalada.

Ijumaa ya kwanza hakuna aliyesimama. Nilitaka kusimama, Mungu ni shahidi, magoti yalikuwa yameshaanza. Lakini wiki ile ile kulikuwa na maneno kwamba nitafanywa makamu wa mkuu, na nikajiambia nisubiri Ijumaa nyingine. Ya pili tulikaa kimya mpaka watoto wakaanza kusinzia. Kosa lilipokuwa halina mwenyewe, hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje ya Shule Jumamosi. Wadogo walikuwa wanalia, wazazi wao wakisubiri langoni. Ya tatu akasimama Kiranja wa maktaba, msichana mwembamba mwenye soksi zilizotiwa viraka vizuri kuliko soksi mpya. Akasema, "Ni mimi niliyeacha dirisha wazi."

Nilijua si yeye. Na nilijibu pamoja na wote: Tumesikia.

Mama Mkuu alidhani yameisha hapo. Lakini Padri msimamizi wa shule za kanisa, ambaye hakuwahi kukaa nasi hata Ijumaa moja, aliagiza msichana arudishwe kwao. Nilikuwa nje ya mlango wakibishana.

"Padri, kwetu aliyesimama haadhibiwi."

"Mama, hii ni shule, si kiti cha kitubio."

Msichana aliondoka kabla ya mtihani wa mwisho, sanduku kichwani. Ijumaa iliyofuata hakuna aliyesimama, wala iliyofuata hiyo. Watoto si wajinga. Haukupita mwaka Mama Mkuu akaziacha Ijumaa, na mimi, makamu wake mpya, nikaleta fimbo.

Sisemi Shule ilifungwa kwa ajili ya dirisha. Watawa walizeeka, shule nyingine zikajengwa jirani, paa likachoka. Lakini tangu siku ile ilikuwa shule kama shule yoyote. Nimezidi kuchoka. Nimemwita Binti na kumwuliza madirisha.

Jumapili, 24 Machi

Nimelala mchana kutwa.

Jumanne, 2 Aprili

Kucha moja. Binti amerudi na suruali ileile, haijaguswa.

"Fundi kasema kiuno hakipimwi kwa mjumbe. Uende mwenyewe."

"Fundi yupi?"

"Yule mama wa sare za shule, karibu na ofisi ya Wakili."

Nikamwambia mafundi wamejaa mjini.

"Wenye cherehani wamejaa. Mwenye mkono ni mmoja."

Jumapili, 7 Aprili

Mvua. Nimesingizia mvua.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo jua lilitoka na sikuwa na la kusingizia. Binti alinipeleka mpaka mlangoni kwa Fundi, akaniacha, akaenda kutafuta dawa zangu.

Duka ni chumba kimoja, mashati meupe ya watoto yamening'inia ukutani kama darasa lililopanga mstari. Yeye amekuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba. Hakuonyesha kushangaa kuniona.

"Shikamoo Mwalimu. Panda hapa kwenye kigoda. Shika meza, usinifie."

Nikapanda. Akatia pini mdomoni, safu nzima, akainama kiunoni kwangu. Nikaona: sasa hawezi kunijibu. Sina sifa katika hilo, ni woga ule ule umegeuka upande. Nikamwambia yote. Mawingu, ufunguo wa akiba, dawa, umakamu. Nilisema sana. Niliweka "lakini" nyingi na "kwa sababu" zaidi.

Hakuinua kichwa. Akatoa pini ya kwanza mdomoni, akaichomeka kwenye kimto. Ya pili. Ya tatu. Nilisikia kila moja ikiingia. Zilipokwisha akasema:

"Wewe?"

"Mimi."

"Si yeye?"

"Yeye nani?"

Akakaa kwenye kiti cha cherehani. Ndipo nilipojua jambo ambalo nisingelijua kama ningekufa Machi. Kila Jumamosi alikuwa akimpa Wakili ufunguo wa maktaba kwa siri, asome hadithi za mapenzi peke yake. Jumamosi ile pia alimpa. Dirisha lilipokutwa wazi, alijua, alidhani anajua, kwamba ni rafiki yake.

"Nilisubiri asimame," akasema. "Ijumaa mbili namtazama kisogo. Nikasema huyu atajiondokea zake, aniache na aibu yake. Wadogo wanalia. Nikasimama mimi. Halafu nikasubiri aje aseme hata asante. Miaka yote hii nasubiri, Mwalimu! Namwona anavuka barabara, nasema ona, dhamiri inamsukuma."

"Yeye anadhani ni wewe."

"Mimi? Nifunge madirisha kila siku ya Mungu, niache hilo moja?" Akapiga meza, mkasi ukaruka. Kisha akaanza kucheka, na kucheka kule kukageuka, akavua miwani.

Nilimwomba radhi. Hakunipa mara moja, na sikustahili kupewa haraka hivyo.

"Nilitaka kuwa daktari wa watoto," akasema. "Nililia mwaka mzima. Halafu nikachoka kulia, nikajifunza kushona. Sikudanganyi kwamba ni mamoja."

"Nisikupotezee siku. Niambie nifanye nini."

"Umesema mengi mno hapo juu ya kigoda. Sheria ni sentensi moja. Na si kwangu. Ukumbini, mbele yao, na yeye akiwepo."

"Utakuja?"

"Sikualikwa. Sikumaliza pale."

"Nakualika mimi."

Akarudisha pini mdomoni na kuinama tena. Kwa meno yaliyofungwa akasema, "Basi suruali yako inabaki hapa. Utaivaa siku hiyo."

Binti alipokuja alinikuta bado juu ya kigoda, nimefungwa shuka la dukani kiunoni. "Mmefanyaje?" akauliza. Fundi akamjibu, "Tumepimana."

Jumamosi, 13 Aprili

Nimelala vizuri kuliko nilivyolala tangu mke wangu alipofariki. Bado niliuliza madirisha.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua kila siku. Barabara ya kilimani imekatika, wanasema huenda mkutano ukaahirishwa. Wakili amepiga simu kuniuliza tarehe ya kujengwa kanisa dogo. Nikamwambia siku ile nataka kusema neno kabla historia haijasomwa. "Neno refu?" akauliza. Nikasema fupi kuliko yote niliyowahi kufundisha.

Ijumaa, 3 Mei

Binti ananiandikia haya, mkono umegoma. Tangu Jumatatu nimelazwa. Niliamka kifua kimebanwa, nikadhani ndiyo safari. Jambo moja tu lilinijia: nimemwambia mmoja kati ya wawili, na mwingine ataendelea kuvuka barabara. Nikamwomba Mungu anipe Ijumaa tatu tu. Binti anasema anaandika lakini haelewi. Andika hivyo hivyo, mwanangu.

Fundi alikuja kunitazama. Alisimama miguuni pa kitanda, akasema suruali iko tayari na yeye hana mtu mwingine wa saizi hiyo wa kumwuzia, basi niache utani. Akatoka.

Jumatano, 8 Mei

Nimerudi nyumbani. Hatua zangu ni za mtoto anayejifunza kutembea. Mvua imepungua, nusu kucha.

Jumanne, 14 Mei

Barabara imetengenezwa. Mkutano upo. Kopo lina maji ya kulowesha kidole tu.

Ijumaa, 17 Mei

Nimerudi. Naandika mwenyewe, nimeegemezwa mito mitatu, Binti ananigombeza nilale. Dakika moja tu.

Magodoro yalikuwa yamepangwa ukutani hadi darini, kwa hiyo ukumbi haukuwa na mwangwi wake. Sauti zilimezwa. Watu walikuwa wengi, vipara na miwani, wakiitana kwa majina ya utani ambayo wake zao hawajawahi kuyasikia. Fundi alikuja na suruali imefungwa kwenye gazeti. Yeye na Binti walinivalisha nyuma ya safu ya magodoro. Ilinikaa kama ngozi.

Wakili alipomwona Fundi alisimama wima. Fundi naye. Hapakuwa na barabara ya kuvuka.

Nikasema, "Siwezi kusimama peke yangu. Mmoja huku, mmoja huku." Hawakuwa na njia. Fundi akanishika mkono wa kushoto, Wakili wa kulia. Watu walipoona mzee anainuka, wakanyamaza. Walioketi mbele walielewa kwanza, niliona migongo yao ikinyooka. Ilikuwa Ijumaa, na mtu alikuwa anasimama.

Nilikuwa nimeifanyia kazi sentensi ile tangu Aprili, nikiipunguza kama Fundi alivyopunguza kiuno. Nikasema:

"Dirisha la maktaba nililiacha wazi mimi, na aliyesimama hakuwa na kosa."

Nilisikia magodoro, kama yanavuta pumzi. Mkono wa Wakili chini ya kwapa langu ukawa mgumu kama ubao, nikajua sasa ataniachia, na ana haki. Hakuniachia. Aligeuza kichwa, akanipita mimi, akamtazama Fundi.

"Sasa wewe ulisimama kwa nini?" akamwuliza kwa mnong'ono.

"Nilidhani ni wewe, mjinga wewe."

Fundi ndiye aliyeanza, kwa sauti ya kawaida, kama anayemjibu mteja:

"Tumesikia."

Kisha Wakili, akilia: "Tumesikia." Kisha wote. Magodoro hayakuweza kuimeza ile. Niliisikia kifuani, mahali pale pale palipokuwa pamebanwa, na palifunguka.

Wakanikalisha. Wakili akaenda mbele na karatasi zake, akazipekua, akatoa moja, akaikunja na kuitia mfukoni. Akasema sheria inamfunga, jambo likishasikiwa halitajwi, kwa hiyo historia ya Shule itakuwa fupi kwa ukurasa mmoja. "Lakini sheria haikatazi kumtaja aliyesimama," akasema. Akamwita Fundi mbele, kwa jina lake kamili, lile la rejista, na watu wazima wale wakasimama wote.

Binti amezima taa ya barazani. Inatosha.

Jumatatu, 20 Mei

Kopo kavu. Binti amepita mtaa wa mafundi. Anasema Wakili alikuwa dukani amekaa juu ya kigoda, Fundi anamshonea gauni, na wanagombana kuhusu mikono.

"Wanagombana sana?"

"Sana, Baba. Wamefunga na mlango."

Jumatano, 22 Mei

Manyunyu ya mwisho yamepita alfajiri, yale ambayo hakuna aliyeyategemea, mimi nikiwa wa kwanza. Niliamka pazia limelowa na kona ya shuka ina unyevu. Jana jioni sikuuliza madirisha. Nilisahau kabisa, nikalala.

Binti kaja mbio na kitambaa cha kufutia. "Hee! Nani kaacha dirisha wazi?"

"Mimi," nikasema.

Akasimama na kitambaa mkononi, akanitazama. Kisha akapiga magoti, akaanza kufuta maji.

"Tumesikia, Baba."